Benjamin Graham: Mwalimu aliyepima hisa kwa miaka ya faida

MKULIMA wa viazi wa Isyonje, wilayani Rungwe, anajua kuwa bei ya gunia haina maana mpaka ujue gunia lenyewe limejazwaje. Gunia la kawaida na gunia la lumbesa yanaweza kuuzwa kwa bei moja, lakini aliyeuza lumbesa ametoa viazi vingi zaidi kwa fedha ileile. Ndiyo maana malalamiko dhidi ya lumbesa yamesikika miaka mingi katika masoko ya Mbeya na Iringa.

Katika hisa za makampuni, watu wengi hununua bila kutazama ujazo wa gunia. Husikia kuwa hisa ya kampuni moja inauzwa Sh500 na ya nyingine Sh5,000, wakadhani ya Sh500 ndiyo rahisi. Huenda ikawa ndiyo ghali, kwa sababu haijulikani ndani yake kuna faida kiasi gani.

Mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha kosa hilo ni Benjamin Graham, Mmarekani mzaliwa wa Uingereza aliyefariki dunia mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza kugawanya bei ya hisa kwa faida ya hisa, lakini ndiye aliyeifanya hesabu hiyo ndogo kuwa somo la chuo kikuu na kuiwekea masharti. Masharti hayo aliyapata baada ya familia yake kufilisika, na baadaye yeye mwenyewe kupoteza sehemu kubwa ya fedha za wateja wake.

Mjane na hisa za mkopo

Graham alizaliwa London, Mei 9, 1894, kwa jina la Benjamin Grossbaum. Alikuwa wa mwisho kati ya watoto watatu wa kiume. Familia yake ya Kiyahudi ilifanya biashara ya vyombo vya kauri, na alipokuwa na umri wa mwaka mmoja wazazi wake walihamia New York kuendeleza biashara hiyo huko. Jina la Graham lilichukuliwa na familia baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Baba yake alifariki mwaka 1903, Benjamin akiwa hajatimiza miaka 10. Biashara ya vyombo ikafa muda mfupi baadaye. Mama yake, Dora, akageuza nyumba yao kuwa ya kupangisha wageni, lakini nayo haikulipa.

Mama huyo alijaribu pia soko la hisa. Alinunua hisa chache za kampuni ya chuma ya U.S. Steel, sehemu ya fedha ikiwa yake na sehemu ikiwa mkopo kutoka kwa dalali, kama walivyofanya wengi wakati ule. Mwaka 1907 mabenki ya New York yaliingiwa na hofu, wateja wakakimbilia kutoa akiba zao na bei za hisa zikaporomoka. Anayenunua kwa mkopo wa namna hiyo hana nafasi ya kusubiri bei irudi, maana dalali huuza hisa ili alipwe deni lake. Akiba ya mjane ikaisha.

Kijana Benjamin akasoma huku akifanya vibarua. Likizo moja alikwenda kuwa kibarua wa shamba nje ya jiji, na wakati mwingine alifanya kazi ya ufundi wa vifaa vya umeme. Alipata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, akamaliza mwaka 1914 akiwa wa pili katika darasa lake. Chuo kilimtaka abaki kufundisha, na idara tatu zilimgombea: Kiingereza, Hisabati na Falsafa.

Nyumbani kulihitajika fedha. Akachagua Wall Street, mtaa wa madalali wa hisa, na kuanza katika kampuni ya Newburger, Henderson & Loeb kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki. Miaka sita baadaye, mwaka 1920, alikuwa mshirika katika kampuni hiyo.

Karatasi zilizokaa bila kusomwa

Wakati ule watu wengi walinunua hisa kwa uvumi. Graham alikuwa na tabia ya kusoma hesabu za makampuni, zikiwamo zile zilizowekwa katika ofisi za serikali na kusahauliwa.

Mwaka 1926 alikuta katika hesabu hizo habari za kampuni ya bomba la mafuta, Northern Pipe Line. Hisa yake moja iliuzwa sokoni kwa dola 65. Lakini kampuni ilikuwa imeweka akiba kubwa katika hati fungani za reli, kiasi cha dola 95 kwa kila hisa. Ilikuwa kama mtu kuuziwa kibubu chenye Sh95,000 kwa Sh65,000, na bomba la mafuta likitolewa bure juu yake.

Graham alinunua hisa, kisha akaenda kuwaomba viongozi wa kampuni wawagawie wanahisa fedha ambazo biashara haikuzihitaji. Wakakataa. Katika mkutano mkuu wa kwanza aliohudhuria, hakupata hata mtu mmoja wa kuunga mkono hoja yake. Akarudi mwaka 1928 akiwa na kura za wanahisa wenzake alizozitafuta mmoja mmoja, na safari hii akapata viti viwili katika bodi. Hatimaye kampuni iligawa dola 70 kwa kila hisa, zaidi ya bei aliyoikuta sokoni.

Kuanzia hapo jina lake likajulikana. Alikuwa tayari ameanzisha mfuko wake wa uwekezaji, akishirikiana na Jerome Newman, na mwanzoni mwa mwaka 1929 mfuko huo ulikuwa na dola milioni 2.5.

Anguko la 1929

Mwaka huo Wamarekani wengi waliamini kuwa bei ya hisa haiwezi kushuka. Kampuni nzuri, walisema, inanunuliwa kwa bei yoyote, kwa kuwa faida ya kesho itaifikia bei ya leo. Oktoba 1929 soko likaanguka.

Graham hakusalimika. Alikuwa mwangalifu kuliko wengi, lakini naye alitumia fedha za kukopa. Mwaka 1929 mfuko ulipoteza asilimia 20. Mwaka 1930 aliamini kuwa ubaya umekwisha, akaendelea kununua, na mfuko ukapoteza nusu. Kufikia mwaka 1932 katika kila dola 100 za wateja wake zilikuwa zimebaki takriban 30.

Mkataba wake na wateja ulisema analipwa kutokana na faida tu, na hasara ya nyuma lazima izibwe kwanza. Kwa hiyo alifanya kazi takriban miaka mitano bila malipo kutoka katika mfuko huo, akiishi kwa kufundisha, kuandika na kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani. Mfuko ungeweza kufungwa kabisa kama baba mkwe wa mshirika wake asingeweka dola 50,000. Hasara ilizibwa yote mwishoni mwa 1935.

Kipimo chenyewe

Tangu 1928 Graham alikuwa akifundisha jioni katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwalimu mwenzake, David Dodd, aliandika mafundisho hayo na mwaka 1934 wakatoa pamoja kitabu kiitwacho Security Analysis. Mwaka 1949 Graham alitoa kingine kwa watu wa kawaida, The Intelligent Investor. Ndani ya vitabu hivyo hesabu ya bei na faida inarudi tena na tena.

Hesabu yenyewe inaeleweka kwa mfano wa ng'ombe wa maziwa. Tuchukulie ng'ombe anauzwa Sh1,500,000. Ukitoa gharama za pumba, dawa na kibarua, anakuachia faida ya Sh500,000 kwa mwaka. Bei yake ni mara 3 ya faida. Maana yake ni kwamba faida ikibaki hivyohivyo, fedha yako itarudi baada ya miaka 3.

Hisa hupimwa vivyo hivyo. Kwanza unachukua faida ya kampuni baada ya kodi na kuigawa kwa idadi ya hisa zote. Kampuni ya maduka yenye faida ya Sh2 bilioni na hisa milioni 10 ina faida ya Sh200 kwa hisa. Pili unachukua bei ya sokoni na kuigawa kwa faida hiyo. Kama hisa inauzwa Sh3,000, uwiano wa bei na faida ni 15. Mnunuzi analipa faida ya miaka 15.

Sasa mfano wa hisa ya Sh500 na ya Sh5,000 unaonekana vizuri. Kama ile ya Sh500 ina faida ya Sh10 kwa mwaka, uwiano wake ni 50. Kama ile ya Sh5,000 ina faida ya Sh500, uwiano wake ni 10. Inayoonekana rahisi ni ghali mara tano.

Graham aliweka masharti yake kwa mtu asiyetaka kucheza kamari na akiba. Bei isizidi mara 15 ya faida. Faida yenyewe isiwe ya mwaka mmoja, bali wastani wa miaka mitatu iliyopita. Kampuni iwe imepata faida kila mwaka kwa miaka 10. Mali zake za muda mfupi, yaani fedha taslimu, bidhaa na madai, ziwe angalau mara mbili ya madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya mwaka.

Sharti la wastani linaeleweka haraka kwa mkulima wa nyanya wa Ilula. Mwaka ambao nyanya zimeadimika, shamba moja linaweza kujenga nyumba. Hakuna mtu mwenye akili atakayenunua shamba hilo kwa kudhani kila mwaka utakuwa kama huo. Kampuni iliyopata Sh90 kwa hisa, mwaka uliofuata Sh120, kisha ghafla Sh300, ikiuzwa Sh3,000 inaonekana kuwa na uwiano wa 10. Kwa wastani wa miaka mitatu, ambao ni Sh170, uwiano wake unazidi 17.

Graham hakuishia kwenye hisa. Mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu maghala ya mazao, akipendekeza serikali inunue na kuhifadhi mazao na malighafi muhimu bei inaposhuka, na kuyatoa inapopanda, na akiba hiyo iwe nguzo ya sarafu. Tatizo lililomsumbua ni lile wanalolifahamu wakulima wa mahindi wa Ismani na Mbozi: bei ya wakati wa mavuno haionyeshi thamani ya jasho lililomwagika shambani.

Duka la chai lililokuwa kubwa kuliko yote

Mfano aliouchagua kuonyesha nguvu ya kipimo chake, na mipaka yake, ulikuwa wa kampuni ya maduka. Ilianza mwaka 1859 New York kwa kuuza chai, na jina lake lilibaki na neno hilo: The Great Atlantic & Pacific Tea Company, maarufu kama A&P. Kutoka chai ikaingia kahawa, sukari, unga na vyakula vyote, mpaka ikawa kampuni kubwa kuliko zote za rejareja nchini Marekani, yenye maduka zaidi ya 15,000 kufikia mwaka 1930.

Mwaka 1929 hisa yake ilifika dola 494. Mwaka 1932 ilikuwa dola 104, ingawa faida ya kampuni ilikuwa karibu ileile. Watu walikuwa bado wanakula. Kilichobadilika ni moyo wa wanunuzi wa hisa.

Mwaka 1938 bei ilishuka hadi dola 36. Sababu zilikuwapo. Faida ya mwaka uliotangulia ilipungua, uchumi wa nchi ulidorora, na wenye maduka madogo waliokuwa wakiumizwa na bei za A&P walikuwa wakishinikiza maduka makubwa ya mtandao yatozwe kodi maalumu. Lakini Graham alipiga hesabu. Kwa bei ile, kampuni nzima ilithaminiwa dola milioni 126. Hesabu zake zilionyesha ina fedha taslimu dola milioni 85, na mtaji wa uendeshaji wa dola milioni 134 baada ya kutoa madeni ya muda mfupi. Soko lilikuwa linauza bidhaa za rafuni na fedha za kabatini kwa bei ya chini kuliko thamani yake, huku maelfu ya maduka, jina na wateja vikihesabiwa kuwa si kitu.

Mwaka uliofuata hisa ile ilifika dola 117.5. Iliendelea kupanda kwa miaka mingi, kila hisa ikagawanywa kuwa 10, na mwaka 1961 hisa mpya moja iliuzwa dola 70.5. Aliyekuwa na hisa moja ya zamani sasa alikuwa na mali ya dola 705.

Hapo ndipo Graham aliwataka wasomaji wake watazame uwiano. Dola 70.5 ilikuwa mara 30 ya faida ya mwaka ule. Makampuni makubwa 30 yanayotumika kupima soko la Marekani yalikuwa kwenye wastani wa mara 23. Kulipa faida ya miaka 30 kwa duka la vyakula ni kuamini kuwa faida hiyo itakua kwa kasi kubwa. Rekodi ya A&P ya miaka iliyotangulia haikuonyesha ukuaji wa namna hiyo.

Faida ikaanza kushuka. Mwaka 1962 bei ilianguka hadi dola 34, na mwaka 1972 hadi dola 18, baada ya kampuni kutangaza hasara ya robo mwaka kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Hesabu ya mwisho ndiyo yenye somo. Siku hiyo ya mwaka 1972, wanahisa wawili wa duka moja walikuwa na hali tofauti kabisa. Aliyenunua mwaka 1938 kwa dola 36 alikuwa na hisa 10 za dola 18, jumla dola 180, yaani mara 5 ya fedha aliyotoa, bila kuhesabu gawio. Aliyenunua mwaka 1961 kwa dola 70.5 alikuwa amepoteza karibu robo tatu ya fedha yake. Kampuni ilikuwa moja. Waliachana kwa bei waliyolipa na faida waliyoikuta ndani ya bei hiyo.

Graham aliongeza onyo jingine. Bei ya 1962, iliyokuwa chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia, ilivutia watu wengi, lakini haikuwa na unafuu kama wa 1938. Hisa kushuka bei hakuifanyi kuwa rahisi. Urahisi hupimwa kwa faida na mali iliyopo, si kwa bei ya jana. A&P yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2010 na tena mwaka 2015, kisha maduka yake yakauzwa au kufungwa.

Faida isipokuwa ya kweli

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Uchumi, kampuni ya maduka makubwa ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975, iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992. Mwaka 2006 ilifunga maduka kwa kuelemewa na madeni na hisa zake zikasimamishwa. Ikafufuliwa, ikarudi sokoni mwaka 2011, na mwaka 2014 hisa zake ziliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE). Mwishoni mwa mwaka huo iliwauzia wanahisa hisa za nyongeza kwa Sh9 za Kenya kila moja.

Mwaka 2015 mambo yakaharibika tena. Uongozi ulibadilishwa, hesabu za nyuma zikachunguzwa, maduka ya Tanzania na Uganda yakafungwa, na kampuni ikatangaza hasara ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Waliokuwa wakiiuzia bidhaa walibaki wakidai.

Kwa aliyepiga hesabu ya bei na faida kwa kutumia faida zilizotangazwa kabla ya hapo, uwiano ulikuwa unatoa jibu kutoka katika namba zisizotosha. Ndiyo sababu Graham hakuruhusu uwiano utumike peke yake. Kampuni ya rejareja inaweza kufungua matawi kila mwezi na mauzo yakapanda, huku mtaji ukitoka kwa wauzaji wa bidhaa wanaocheleweshewa malipo. Mkulima au mfanyabiashara anayepeleka bidhaa katika maduka kama hayo huona dalili mapema kuliko anayesoma gazeti: malipo ya siku 30 yanapogeuka kuwa ya siku 90, kuna jambo katika mizania.

Mwaka wa mwisho

Katika darasa la Graham la mwaka 1950 na 1951 alikuwamo kijana aliyeitwa Warren Buffett, ambaye baadaye alifanya kazi katika ofisi yake kuanzia 1954 hadi ilipofungwa mwaka 1956. Buffett alikuja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa duniani, na hakuacha kumtaja mwalimu wake.

Graham mwenyewe alipata faida kubwa kuliko zote mahali ambapo kipimo chake kingemwambia auze. Mwaka 1948 mfuko wake ulinunua nusu ya kampuni ya bima ya magari ya GEICO kwa takriban dola 720,000. Ilinunuliwa kwa bei nzuri, lakini baadaye bei yake ilipanda kuliko faida, ikavuka mbali masharti aliyoyafundisha. Hakuiuza, kwa kuwa aliiona kama biashara ya nyumbani. Faida yake ilizidi jumla ya yote aliyopata kwa kununua na kuuza kwa miaka 20. Alilieleza jambo hilo waziwazi katika toleo la baadaye la The Intelligent Investor. Uwiano humlinda mnunuzi asilipe kupita kiasi, lakini haumwonyeshi kampuni itakayokua.

Alifariki Septemba 21, 1976, katika mji wa Aix-en-Provence, Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 82. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa amerahisisha kanuni zake. Alishauri mtu aangalie riba ya hati fungani zilizo salama kabisa, kisha anunue hisa ambazo faida yake kwa kila fedha iliyolipwa ni mara mbili ya riba hiyo, kampuni isiwe na madeni kupita mtaji wake, na fedha zigawanywe katika kampuni nyingi. Riba ya Marekani ilipokuwa kama asilimia 7, faida ilipaswa kuwa asilimia 14, yaani uwiano wa 7.

Hesabu ya Mbeya na Iringa

Hapa ndipo msomaji wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kuwa makini. Ile 15 ya Graham ilitokana na Marekani yenye riba ndogo. Kila uwiano una asilimia ndani yake: gawanya 100 kwa uwiano. Uwiano wa 30 ni faida ya asilimia 3.3 kwa mwaka, wa 15 ni asilimia 6.7, wa 10 ni asilimia 10. Kama hati fungani ya Serikali ya Tanzania inatoa, kwa mfano, asilimia 12, anayelipa uwiano wa 15 anapata karibu nusu ya anayeikopesha Serikali, tena kwa hatari kubwa zaidi. Atakuwa amefanya busara tu kama ana sababu ya kweli ya kuamini kuwa faida ya kampuni itakua.

Hisa si kitu kigeni tena katika mikoa hii. TATEPA, iliyofungasha Chai Bora na kushirikiana na wakulima wadogo wa chai wa Rungwe katika kampuni ya Wakulima Tea, iliingia DSE mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya soko hilo kuanza biashara. Mwaka 2008 hisa za NMB ziliuzwa kwa umma kwa Sh600. Mucoba, benki iliyoanzia Mafinga wilayani Mufindi, iliorodheshwa mwaka 2016. Wengi walinunua kwa kuwa jina la kampuni lilikuwa linafahamika, na bei ya hisa ilionekana ndogo.

Mwenye fedha za mavuno anayetaka kununua leo anahitaji namba chache, na zote zimo katika hesabu zilizokaguliwa ambazo kampuni iliyoorodheshwa hulazimika kuzitangaza kila mwaka: faida baada ya kodi kwa miaka mitatu, idadi ya hisa, madeni ya muda mfupi na mali za muda mfupi. Bei ya siku ataipata DSE au kwa dalali aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kalamu na karatasi vinatosha.

Wanaopanda misindano Mafinga wanajua kusubiri. Mti wa mbao huchukua karibu miaka 20, na aliyeupanda hununua miche, hupalilia na kuzuia moto akijua hivyo. Anayenunua hisa kwa uwiano wa 30 bila ukuaji wa faida amekubali kusubiri zaidi ya mwenye msitu, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Dalali hataulizwa kwa nini hakusema. Swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni lile la Graham: kwa bei hii, nalipa faida ya miaka mingapi?